Taa Ndogo Ng'ambo ya Kinamasi

Karasjok, 6 Oktoba

Mpendwa dada Sunna,

Nakusalimu sana, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kifua cha shemeji kimetulia. Mimi mwili ni mzima. Mbwa wa Baba naye mguu umepona, ila bado analala mlangoni akimngoja, na chakula anakula kwa kubembelezwa.

Nyama kavu uliyoagiza nimeituma kwa basi. Picha sijaituma. Umeniambia mara tatu kwenye simu unataka kuitundika sebuleni, ile ya mianga ya kaskazini niliyoipiga usiku aliofariki Baba, kwa kuwa mbingu zilijipamba kumpokea. Shangazi Biret anasema hivyohivyo kanisani. Nimechoka kuitikia kwa kichwa.

Unajua mwisho wa Agosti ndipo giza linapoturudia baada ya kiangazi kisicho na usiku. Jioni ile Baba alikwenda kutafuta kulungu wetu waliobaki nyuma ya kundi, akaniomba nimsindikize. Nikamwambia nangoja mianga. Akacheka, akasema, "Haya bwana mkubwa, ioe basi hiyo kamera yako, labda itakupikia kahawa." Akaniachia mbwa, maana alikuwa anachechemea, akapanda pikipiki yake ya magurudumu manne. Hatukuzungumza tena.

Nilipanda kilimani, nikazima simu ili mwanga wake usiharibu picha. Mianga ikatoka, ikacheza angani kama pazia la kijani, sijapata kuona mfano wake. Mara ng'ambo ya kinamasi taa ndogo ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Nikajua ni watalii. Nikawatukana kimoyomoyo, nikaendelea kupiga picha nikisubiri wachoke. Mbwa alilia akitazama kule. Nikamziba mdomo.

Asubuhi tulimkuta pikipiki imemlalia miguu ndani ya maji. Daktari alisema ni baridi iliyomuua, tena taratibu. Filimbi ya kumwitia mbwa ilikuwa shingoni mwake. Polisi waliuliza mbona hakuipiga, nami nikasema sijui. Nilidanganya. Alitulea tusipige mluzi wala kelele mianga ikiwa juu, isije ikatushukia. Mimi alinichapa mara moja tu maishani, na ni kwa kosa hilo. Aliushika mwiko wake hadi mwisho, akabaki na taa ya kichwani.

Dada, hawakuwa watalii. Nimezikagua picha zote. Taa ile imo katika kumi na moja. Ya kumi na mbili haina, nayo ndiyo nzuri kuliko zote, ndiyo unayoitaka. Nakumbuka taa ilipozimika. Nilifurahi, Sunna. Nilisema ahsante.

Kama bado unaitaka, nijulishe, nitaituma. Nisalimie shemeji na watoto, ila barua hii usiwasomee.

Mimi mdogo wako,
Nilas