Kioo Ambacho Hakikuvunjwa

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kivulini, si umeinamia tena ile pampu ya maji uliyoambiwa uachane nayo. Vipi macho? Nimesikia siku ya kwanza ulipovaa miwani mipya uliisalimia nguzo ya umeme ukidhani ni jirani, tena ukasubiri ikuitikie. Shemeji hajambo? Najua yeye ndiye atakayekusomea. Shemeji, shikamoo na wewe, nakuomba usome polepole na usiruke mahali, hata ukifika pabaya.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako goti limepoa, ameanza tena kupanda ngazi bila kunitukana mimi niliyepanga ghorofa ya tatu. Watoto wanakula kuliko wanavyosoma. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe humwachi mtu akamaliza, na hili nikikatizwa katikati sitalianza tena.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema ile video yangu nikifungua gari umeionyesha mtaa mzima mpaka kwa kinyozi wako, na kwamba Alhamisi ijayo utapanda basi uje ukae mahakamani usikie mdogo wako akitoa ushahidi. Kabla hujakata tiketi, nisikilize tangu mwanzo. Ile video inaanzia mlango unapofunguka.

Ilikuwa Jumanne mchana, jua la kuchoma kisogo. Nilikuwa nachonga ufunguo wa kabati la mwalimu mmoja pale karakanani, simu ikalia. Mwanamke mmoja akasema mtoto wake amefungiwa ndani ya gari mbele ya duka la dawa, na ufunguo umo humo humo. Ni mtaa wa pili tu. Nilinyakua mkoba nikatimua mbio, na unajua mimi na mbio ni kama paka na maji.

Yule mama ni mshonaji wa sare za shule, cherehani yake iko nyuma ya soko. Mtoto ni wa kike, mwaka na nusu, wanamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi shavuni. Usiku kucha alikuwa anakohoa, hakulala, mama naye hakulala. Alipofika dukani mtoto ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi. Akatazama ndani akaona mteja mmoja tu, akasema moyoni dawa ni ya dakika moja, nikimwamsha tutaanza upya. Akaacha injini inanguruma ili kiyoyozi kimpoze mtoto, akaingia. Gari ni kuukuu. Milango hujifunga yenyewe injini ikiwaka, na injini yenyewe huzima inapotaka. Siku hiyo ilifanya yote mawili. Alipotoka na chupa ya dawa mkononi, milango imejifunga, injini kimya, vioo vyote juu, na mtoto ameamka.

Mimi nilifika, nikafungua. Kidoti alitolewa akiwa amelegea, nguo imeloa jasho, mwuza dawa akammwagia maji na gari la jirani likawakimbiza hospitali. Alilazwa siku tatu. Daktari alisema joto lilikuwa limemfika pabaya, na kwamba dakika chache zaidi tungekuwa tunasema mengine. Sasa anacheza, anakula, ameshavunja kikombe cha bibi yake. Kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapoamka.

Video ikaenea. Watu wakaja karakanani kupiga picha na mimi, wengine hawana hata mlango wa kufungua. Shemeji yako akawa ananiita Mheshimiwa Kufuli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kaka. Nilizifurahia zile sifa, nisikudanganye.

Wiki ya pili mambo yakageuka. Yule mama amefunguliwa mashtaka ya kumtelekeza mtoto. Watu wa ustawi wa jamii wamemchukua Kidoti wamempeleka kwa bibi yake, na mama anaruhusiwa kumwona Jumamosi tu, kwa muda wa saa mbili, tena mbele ya ofisa. Akipatikana na hatia anaweza kufungwa, na huenda mtoto asirudishwe kwake kabisa. Mwendesha mashtaka alikuja mwenyewe karakanani na karatasi zake. Akasema mimi ndiye shahidi mkuu, kwamba nitasimama niseme nilivyomkuta mtoto, basi. Alisema nchi imechoka na wazazi wa namna hii, na lazima mmoja awe mfano.

Kwenye saluni ya jirani yangu ndiyo mazungumzo ya kutwa. Kinyozi anasema afungwe, mbwa haachwi garini sembuse mtoto. Mteja mmoja akasema ukimfunga mama umemfunga na mtoto. Mwingine akasema sheria isipouma watu hawajifunzi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia shemeji yako, naye akaniuliza kama nakumbuka siku niliyomwacha kifungua mimba wetu ndani ya gari la mteja nikaingia benki. Nilikuwa nimesahau kabisa. Akasema nyani haoni kundule, kisha akaenda kulala.

Nimelifikiria sana jambo hili. Sisemi yule mama asiulizwe. Alikosea, na yeye mwenyewe anasema alikosea. Mtoto hana mdomo wa kujitetea, lazima awepo wa kuuliza kwa niaba yake, na wako wazazi wanaofungia watoto garini wakakae baa mpaka giza liingie. Hao siwaonei huruma. Lakini mtu akiadhibiwa, aadhibiwe kwa lililo lake.

Sasa shemeji, hapa ndipo usome polepole.

Juzi mwendesha mashtaka aliniachia nakala ya karatasi niipitie. Imeandikwa kwamba mtoto alikaa kwenye joto dakika ishirini na moja kwa uzembe wa mama yake. Saa zote zimo, wamezitoa kwenye kamera ya duka na kwenye simu. Mama aliingia dukani saa saba na dakika nne. Alinipigia saa saba na kumi na moja. Mimi nilifika saa saba na kumi na nne. Mlango ulifunguka saa saba na ishirini na tano. Wameziandika zote wenyewe, ila hakuna aliyeketi akazitenganisha. Mama ana dakika saba. Njia ina tatu. Kumi na moja ni zangu.

Nilipofika, mlinzi wa duka alikuwa ameshainua rungu lake juu ya kioo cha mbele, upande ambao mtoto hayupo. Mama alikuwa akimwambia vunja, vunja, mimi nitalipa. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilimwambia aache, mimi ni fundi, anipe dakika moja tu. Kila mtu akanipisha, kwa sababu fundi amefika.

Unajua mlango wa namna ile huchukua dakika mbili. Nikaingiza mfuko wa hewa kwenye upenyo, nikaujaza, nikapitisha waya. Waya ukashika kitufe cha kufuli ukateleza. Ukashika tena, ukateleza. Jasho liliniingia machoni. Watu walikuwa wameshaanza kuinua simu, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake atazame, huyu hajawahi kuvunja kioo cha mtu. Na kweli, miaka kumi na tisa sijavunja. Juu ya mlango wa karakana ule ubao wako ulikuwa bado upo, kwa mwandiko wako: Anayevunja ni mwizi, anayefungua ni fundi. Nilijifunza nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye ule mlango mbovu ulioniwekea nyuma ya nyumba, na kila nilipotumia nguvu wewe ulinigonga vifundo vya vidole kwa tupa. Yule mlinzi alirudi mara mbili na rungu lake. Mara zote mbili nilimfukuza, mara ya pili kwa matusi.

Kidoti alikuwa analia, kaka, akinitazama kwenye kioo. Halafu akaacha kulia. Na mimi nikafurahi kwamba ametulia, nikafanya kazi yangu kwa raha.

Hilo ndilo sijamwambia mtu. Shemeji yako nimemwambia jana, akaweka chai yake chini akanishika mkono.

Mlinzi hakuulizwa. Mwuza dawa alikuwa ndani akihudumia. Na mama, yeye anajua yote, alikuwa amesimama pembeni yangu, lakini maelezo yake nimeyasoma, hakuna hata neno moja juu yangu. Anaamini kosa lote ni lake. Siku Kidoti aliporuhusiwa hospitali alikuja karakanani kunishukuru, akaniletea aproni ya kazi aliyoishona mwenyewe. Turubai nzito, nyuzi mbilimbili. Alikuwa amenitazama vizuri siku ile: kuna mfuko mrefu mwembamba wa waya, kuna mfuko wa pampu, vijumba vidogo vya funguo. Mfuko wa nyundo haumo, kwa kuwa nyundo hakuniona nayo. Sijaivaa hata siku moja. Nikimwambia shemeji yako inanibana, anajua naongopa.

Nisiposema, hakuna atakayejua. Karakana itaendelea kujaa, na yule mama ataingia ndani kwa dakika ishirini na moja. Nikisema, huenda na mimi nikaulizwa, huenda wateja wakakimbia, na ubao wako utachekwa mjini. Nimekesha juu ya jambo hili siku tatu, na si kwamba nilikuwa sijui la kufanya. Nilikuwa nakuogopa wewe. Jaji simwogopi kama ninavyokuogopa wewe, uliyeninunulia mkoba wa kwanza kwa mshahara wako na ukavaa viatu vilivyotoboka mwaka mzima.

Basi nimeamua. Alhamisi nitasema dakika zote, na nitasema nani alimshika mlinzi mkono. Leo asubuhi nimemwendea mwendesha mashtaka nikamweleza. Alinuna, akasema nitamharibia kesi. Nikamwambia hiyo si kesi yangu. Kutoka hapo nilipita kwa yule mama nyuma ya soko, nikamwambia na yeye. Alisimamisha cherehani, akaniuliza kama nina uhakika ni kumi na moja. Nikamwambia nina uhakika. Akainama juu ya meza akalia, na mimi nikasimama pale mlangoni na aproni yake mkononi, sijui niirudishe au niondoke nayo. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia tu nisikose kufika.

Sikulaumu, kaka. Ulinifundisha kazi halali na imenilisha. Ila hukuniambia siku gani fundi anapaswa kuvunja, na mimi sikuwa na akili ya kujiambia. Nimenunua nyundo ndogo ya chuma, iko kwenye mkoba, juu kabisa. Ubao wako nimeushusha. Sikuutupa, nimeuegemeza ukutani kwa ndani, uso umetazama ukuta, mpaka uniambie mwenyewe tuufanyeje.

Msalimie shemeji na wajukuu wote, na yule mzee wa jirani mwambie ile kufuli yake ya lango naikumbuka. Shemeji yako anawasalimu, watoto wanakuamkia. Miwani uivae, hata kama inakufanya uonekane hakimu.

Na kama bado unataka kuja Alhamisi, njoo, nitakupokea stendi. Kitanda kipo. Ila usije kusikia nilivyofungua mlango. Njoo usikie nilivyokataa kioo kivunjwe, na baadaye, ukiweza, tutoke pale mahakamani pamoja.

Ni mimi mdogo wako uliyemfunza kazi,

Bisibisi