Siku Baba Alipoukubali Mlima Kilimanjaro

Jumapili, saa kumi jioni. Kibaha ina manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyojaza ndoo wala kukuruhusu uanike nguo. Nimefua, nguo ziko kwenye beseni, na sina hamu ya kuzigusa.

Yote yalianza Ijumaa ofisini. Mtu alituma kwenye grupu letu orodha ya maajabu ya dunia, kazi ikasimama. Mwenzetu mmoja wa Moshi akasema orodha yoyote isiyo na Mlima Kilimanjaro imeandikwa kwa wivu. Mwingine akashikilia piramidi za Misri. Mama wa masjala akasema ajabu ni sisi watu wazima tunaogombana kwa ajili ya mawe. Nilicheka nao, halafu nikarudi kwenye kazi yangu. Mabishano hayo nimekua nayo, na aliyekuwa akiyaanzisha nyumbani kwetu siku hizi hajui jina langu.

Baba alikuwa fundi wa pampu kwenye mitambo ya Ruvu inayopeleka maji Dar. Jumamosi tulikuwa tunakaa barazani tukimenya mihogo, naye anauliza, "Haya, ajabu la dunia ni lipi?" Hakuna aliyewahi kumpa jibu likamridhisha. Piramidi alizifuta kwa neno moja: makaburi. Ukuta wa China kwake ulikuwa uzio tu, ila mrefu. Mlima Kilimanjaro hakutaka hata kuusikia. "Huo kaumba Mungu. Mungu hashindanishwi na mafundi." Kisha anafika kwenye pampu zake. Ajabu, alisema, ni kitu ambacho kikizimika asubuhi, mchana Dar nzima imeshajua. Piramidi zikizimika nani atajua?

Mimi nilikuwa nautetea mlima makusudi, kumchokoza tu. Aliniita Mbishi. Jina langu la Zaituni alilitumia nikiwa nimekosea.

Moyoni nilimwamini. Darasa la sita mtihani ulituambia tutaje ajabu moja la dunia, nikaandika pampu za Ruvu, nikapigwa kosa kwa wino mwekundu. Baba alivaa ovaroli yake ya kazi akaenda shule. Alama hakuipata. Alipewa kiti, wakabishana na mwalimu mpaka kengele ya kutoka, akarudi nyumbani amechangamka kama ametoka harusini.

Wiki iliyopita kaka, anayeishi na Baba Kisarawe tangu ugonjwa wa kusahau umshike, alinipigia simu. "Zaituni, Baba ameshaondoka," alisema. "Kilichobaki ni kumlisha na kumwogesha. Tuzoee." Nilimkasirikia. Nilimwambia siku mtu atakapoisema Ruvu vibaya mbele ya Baba na Baba asijibu, siku hiyo nitakubali. Nikakata simu nikijiona nimeshinda.

Kwa hiyo jana nilikwenda Kisarawe kugombana.

Kulikuwa na baridi kule juu. Wifi alikuwa ameshamwogesha na kumkalisha barazani, sweta limefungwa mpaka kifungo cha juu, kitu ambacho Baba alikuwa hakitaki kabisa. Nikapiga goti. "Shikamoo Baba." Akajibu, "Marahaba," kwa sauti yake ileile, nikajiambia kaka amekosea. Wifi nilikuwa nimemweleza nia yangu mapema, akaniletea mihogo na kisu. Nikakaa kwenye mkeka, nikaanza kumenya.

"Baba, ajabu la dunia ni lipi?"

Alikuwa anatazama kisu.

"Mimi nasema ni Mlima Kilimanjaro."

"Sawa," akasema.

Nilidhani hajasikia. Nikamwambia piramidi, nikamwambia ukuta wa China. Yote aliyakubali kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kukataa chakula cha watu. Ndipo nikafanya jambo ambalo naona aibu kuliandika hapa. Nikasema, "Na zile pampu za Ruvu si chochote, Baba. Ni vyuma tu."

Wifi akaacha kufagia.

"Sawa," akasema Baba. "Umesema kweli."

Miaka yote nilitamani nimshinde hata mara moja.

Sikulia pale. Nilimenya mihogo mingi kuliko watu waliokuwepo, mpaka wifi akanichukulia kisu mkononi. Wakati wa kula Baba alikunywa glasi nzima ya maji. Zamani hakuna mgeni aliyekunywa maji nyumbani kwetu bila kuulizwa kama anajua yametoka wapi. Jana aliweka glasi chini, akafuta mdomo, basi.

Nilipobeba mkoba niage, alinitazama kwa makini, kama unavyomtazama mtu mwenye cheo aliyekuja kukukagua. Akajaribu kusimama, akashindwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akaniambia.

Mzazi hamwamkii mtoto wake. Sijawahi kuliona jambo hilo, wala sikujua linajibiwaje. Wifi aligeukia ukutani. Nilitaka kusema, Baba, ni mimi, Mbishi. Lakini alikuwa bado ameinama, anasubiri, na nikaona wasiwasi unamwingia, kama mtu anayehisi amekosa heshima na hajui kosa liko wapi. Kumbishia kungemtesa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumbishia.

"Marahaba," nikaitika.

Akatabasamu. Alifurahi kweli.

Njia nzima nilijisikia mchafu. Leo kaka hajapiga simu, nami sijampigia kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Nikishalisema litakuwa limesemwa, na sina nguvu za kulisikia likitoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Kesho ofisini wataendelea na orodha yao, wataniuliza mimi nachagua nini. Nitasema pampu za Ruvu. Watacheka, na nitabishana nao mpaka saa ya kutoka. Najua haitamrudisha Baba, wala yeye hatajua kwamba nimefanya hivyo. Lakini mtu akisema pampu zile si chochote, kama mimi nilivyosema jana, amebaki nani wa kumjibu?