Siku Anko Ngurumo Aliponyamaza

Jumapili jioni, Kaloleni. Baridi ya Agosti bado imetukalia, na tangu asubuhi anga lina rangi ya maji yaliyofuliwia nguo. Lakini mimi nina joto.

Naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: mimi hutazama filamu za vichekesho kwa sababu ya nyimbo zake.

Si kwa sababu ya vituko. Wengine wakicheka mtu akitumbukia kwenye keki ya harusi, mimi huwa nasubiri ule wimbo wa zamani uingie, wa miaka ambayo hata Mama alikuwa msichana, wenye kinanda cha umeme na waitikiaji wenye sauti nyembamba. Kuna siku nililia kabisa, kwenye filamu ambayo kila mtu chumbani alikuwa ameshika mbavu. Nikasema ni moshi wa jiko.

Siku moja shuleni nilimwekea Shiro, tunayekaa naye dawati moja, kisikizi kimoja cha simu ili asikie wimbo wa aina hiyo. Sikumweleza chochote. Alisikiliza kidogo, akakitoa.

"Wee, hii ni ya kina shosho!"

Tangu hapo ananiita Shosho, yaani bibi kizee. Nimezoea.

Nimejiuliza sana kwa nini nyimbo hizi zinanishika hivi. Siwezi kusema nakumbuka wakati ambao sikuwepo. Nadhani ni kwa sababu kwenye filamu ya kuchekesha kila mtu anafanya mzaha isipokuwa wimbo. Wimbo unasema nakupenda, usiniache, tucheze mpaka kuche, na unayasema hayo kwa moyo wote, bila kutazama pembeni kuona nani anacheka. Darasani kwetu mtu akisema kitu cha moyoni lazima amalizie kwa "natania." Mimi pia hufanya hivyo.

Ningependa kuwa kama ule wimbo.

Sasa nieleze kuhusu Mama. Mama ni fundi wa nguo, ana cherehani yake kibandani, mtaa wa Shauri Moyo, na siku hizi kazi kubwa ni sare za shule. Akishona pindo refu, yeye huimba bila maneno. Ni wimbo mmoja tu, miaka yote. Kuna mahali akifika hunyamaza, hugonga meza mara mbili kwa mkasi, ko, ko, kisha huendelea. Nilikua nikidhani ni mazoea tu ya mikono yake.

Likizo hii nikaazima filamu moja ya kuchekesha, ya wahudumu wa hoteli wanaoharibu harusi ya tajiri. Mwishoni wamefukuzwa kazi wote. Wanasimama jikoni, nguo zimejaa mchuzi, redio ya mpishi inaanza kuimba, nao mmoja mmoja wanaanza kucheza. Na wimbo wenyewe ni ule wa Mama. Mpaka pale pa kunyamaza. Kwenye filamu, pale ndipo watu wanapiga makofi mawili.

Nilikimbia na simu mpaka kibandani. Mama alisikiliza akiwa na pini mdomoni.

"Ndio huo," akasema. "Mlikuwa hamjazaliwa. Tulikuwa tunaucheza pale ukumbini, mimi na wasichana wenzangu, Jumamosi mchana. Spika zilikuwa kubwa kama kabati." Akajigonga kifuani. "Ulikuwa unausikia hapa. Kwa simu ni kama mtu anaimba ndani ya debe."

Akanirudishia simu, akaendelea na pindo.

Nikaamua Mama ausikie tena kifuani.

Njia ilikuwepo. Kila mwisho wa likizo ukumbi huohuo huonyesha filamu kwa watu wote wa mtaa, na mwaka huu vijana wanaopanga waliniomba, kwa kuwa mimi husoma na hutazama mengi, nipendekeze ya kuchekesha. Nikapendekeza hiyo. Wakakubali. Tatizo lilikuwa Anko Ngurumo.

Si anko wangu wa damu. Mtaa mzima humwita hivyo. Yeye hutafsiri filamu. Hukaa kando ya spika na maikrofoni yake, hupunguza sauti ya filamu, halafu waigizaji wote huanza kuongea kama watu wa hapa. Tajiri wa ng'ambo anakuwa landilodi wa Kariobangi anayedai kodi ya nyumba. Bibi harusi anauliza kama wali umeiva. Watu hawaji kutazama filamu, wanakuja kumsikia yeye, na mimi pia humcheka hadi machozi.

Lakini muziki ukianza, Anko Ngurumo hana cha kutafsiri. Kwa hiyo yeye huuzima karibu wote na kusoma salamu. Watu humpa majina mlangoni: fulani anamsalimu fulani, fulani anawapongeza waliojaliwa mtoto. Wakati wa muziki ndio wakati wa salamu, imekuwa hivyo tangu niwe mdogo. Kwa hiyo wimbo wa Mama ungeimbwa chini ya salamu za mtaa mzima, na asingesikia kitu.

Ijumaa nilienda kumwomba aunyamazie. Nilifika kwake, nikamkuta amekaa nje na vijana wengi, nikajifanya natafuta mandazi, nikarudi nyumbani. Sikuwa hata na pesa za mandazi.

Usiku huo nilijichukia kidogo. Jana nikaamka nikiwa nimekata shauri: leo nasema, hata nikigugumiza.

Nikarudi kwake. Vijana walewale walikuwepo.

"Profesa!" Anko Ngurumo akaniita. "Umeleta kitabu gani?"

Nikamwamkia shikamoo. Nikamwambia yote bila kuvuta pumzi: wimbo wa mwisho, Mama, spika kama kabati. Nikamwomba asiseme kitu mpaka wimbo uishe.

Vijana wakaangua kicheko. "Ngurumo anyamaze? Si bora stima ipotee, tukae gizani!"

"Nikinyamaza hivyo," akasema, "watu watadhani nimeanguka nyuma ya spika. Na salamu zao nizipeleke wapi, mwanangu? Kuna watu wanakuja kwa ajili ya salamu tu."

"Zisomwe kabla filamu haijaanza."

"Nani atasoma? Koo langu nimeliweka akiba ya filamu."

Nilitazama viatu vyangu. Niseme ukweli, nilitumaini kijana mmoja angejitolea. Kisha nikasikia sauti yangu, ndogo, lakini ni yangu.

"Mimi."

Anko Ngurumo hakucheka. Akasema, "Haya. Ukisoma zote, nanyamaza. Ukikimbia, nasoma mwenyewe wakati wa wimbo wako. Tumeelewana?"

Tukaelewana.

Kumleta Mama nako kulikuwa kazi. "Kelele za Ngurumo nazisikia bure nikiwa nyumbani," alisema tulipotoka kanisani leo. Nikamsihi. Sikumwambia ni filamu gani. Akakubali kwa sharti kwamba tukitoka nitamsaidia kutia vifungo kwenye mashati ya shule yanayosubiriwa kesho.

Alasiri ukumbi ulijaa. Anko Ngurumo akanipa maikrofoni na vikaratasi vya salamu, akakaa kando, akakunja mikono. Niliona kofia ya Mama ya kanisani safu ya katikati. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeona mbuzi juu ya paa.

Nilianza. Hakuna aliyesikia.

"Sauti!" watu wakapiga kelele.

Nikaanza tena.

"Profesa, ongea kama mtu aliyekula!" mwingine akasema, na ukumbi wote ukacheka. Uso ulinichoma. Nilifikiria mlango, ulikuwa karibu sana. Halafu nikafikiria wale wahudumu jikoni, wamefukuzwa kazi, mchuzi mpaka kwenye nywele, na bado wanacheza. Nikaisogeza maikrofoni mpaka ikagusa mdomo.

"Fundi Otis wa gereji ya Kariobangi anamsalimu mkewe popote alipo na anasema amesharudisha sufuria!"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kunicheka mimi, walimcheka Otis. Nikasoma inayofuata. Na inayofuata. Nilikosea jina la mwenyekiti wa kwaya na wanakwaya wakanirekebisha kwa pamoja, kama wimbo. Nikasoma zote.

Filamu ikaanza. Anko Ngurumo alikuwa moto leo, landilodi wake aliwamaliza watu. Mimi sikucheka sana, nilikuwa nautazama mkono wake. Tulipofika jikoni na redio ya mpishi ikaanza, alinyoosha mkono kwenye mashine ya sauti. Akaipandisha sauti. Akaiweka maikrofoni sakafuni.

Mwanzoni watu waligeuka kumtafuta. "Ngurumo, umemeza nzi?" mtu akauliza. Yeye akaweka kidole mdomoni. Nao wimbo ukajaa ukumbini, mzito, mpaka benchi likawa linatetemeka chini yangu.

Nilikuwa nimejipangia kichwani jinsi Mama angesimama na kucheza, labda na chozi kidogo. Hakusimama. Hakulia. Alikaa wima kabisa, mkoba mapajani, macho kwenye pazia la filamu. Nikaanza kudhani nimekosea.

Halafu ikafika pale pa kunyamaza.

Pa, pa.

Mama alipiga makofi kabla ya wale wa kwenye filamu. Hakufikiria, mikono ilijua yenyewe. Wanawake kadhaa wa umri wake wakageuka, na mara ya pili wakapiga naye, wamechelewa.

"Mnachelewa!" Mama akawaambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya msichana mkorofi wa nyuma ya darasa. "Msingoje! Mnaingia kabla!"

"Kumbe Ruth ni wewe!" mama mmoja akasema kwa nyuma. "Ile sketi yako ya njano!"

Mara ya tatu walipiga sawasawa, ukumbi mzima, hata wale vijana. Mimi pia. Sikutazama pembeni.

Tukitoka Mama alinishika kiwiko. "Uliwezaje kumnyamazisha yule mtu?"

"Nilimwomba."

"Wewe?"

"Mimi."

Alitikisa kichwa, akacheka peke yake. Nimekuwa nikifikiri kwamba ninapolia kwenye zile nyimbo ninalilia zamani za watu wengine. Leo naona zilikuwa karibu yangu siku zote, zinashona mapindo.

Nilimwomba Mama anisubiri kidogo langoni. Nikarudi ndani, nikamkuta Anko Ngurumo anakunja nyaya. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba likizo ijayo salamu nitasoma tena mimi, na wimbo wa mwisho uachwe. Akasema sawa, Profesa. Nikamsaidia kubeba spika mpaka mlangoni. Kisha tukaenda nyumbani, nikanawa mikono, nikatia uzi kwenye sindano, nikaanza kushona vifungo.