Maua ya Shemeji Yusufu

Jumanne, 6 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Zimebaki siku kumi na tano eda yangu iishe. Tangu marehemu mume wangu Mussa azikwe sijavuka ua huu. Chumba kile kile, dirisha lile lile, ukungu ule ule! Mama mkwe kaingia na maua: shemeji yako Yusufu kakuchumia kijitoni. Meupe, umbo la faneli ya mafuta ya taa. Nimepokea, nimeshukuru. Bila maua ya shemeji ningekwishapata wazimu.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimepatia! Shina na majani kwa wino, kama nilivyofundishwa China — mkupuo mmoja, pumzi moja, hakuna kurudia. Karatasi yao inakunywa wino papo hapo, ukikosea umekosea. Kisha petali kwa rangi za maji za Kizungu, karatasi ingali mbichi, buluu ya kivuli ijipenyeze yenyewe kwenye weupe. Picha ya kumi na moja hii. Mama kaichukua ikaukie jikoni, kama zile nyingine. Imebaki karatasi moja.

Arusha wamepiga simu, shule niliyoiomba kazi. Nafasi ya kufundisha kuchora ipo, nianze tarehe 26, niende na picha zangu wazione. Naondoka! Mama sijamwambia.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeziulizia picha. Ziko kwa Yusufu. Zote, kwenye fremu, sebuleni, nyumba yake mpya. Mama kacheka kwa furaha: umeipamba nyumba yako kabla hujaikanyaga, mwanangu.

Nyumba yangu?

Ndiyo, eda ikiisha. Kunitamkia posa sasa ni haramu, ndiyo maana Yusufu alileta maua. Nami nimeyapokea miezi minne — ukoo mzima unalijua jibu langu.

Nilidhani ni huruma tu. Mjinga mimi! Nimemwambia habari za Arusha. Kasema hata yeye alirithiwa na shemejiye, akalia, kisha akazoea. Halafu akanifunika blanketi miguuni. Hilo ndilo linaloniuma, wananipenda kweli.

Ijumaa, 16 Mei

Maua yamenyauka, nimeyatupa. Karatasi ya mwisho nimechora chupa bila maua — ile ya asali niliyokuwa nikiyawekea, maji nusu, basi. Wino mtupu. Nimempa Mama: hii nayo ikatundikwe.

Kaitazama, kauliza: Maua yako wapi? Kakaa kitandani kwangu, kaishika kwa ncha za vidole isichafuke.

Hodi uani. Yusufu huyo, katoka msikitini. Namwona dirishani kakumbatia maua, yote yametota. Mama hajainuka. Naandika tu ili mikono ipate kazi.

Hodi ya pili.

Mama ananiuliza kwa sauti ndogo: nimwambie nini?