Tano Kila Siku

Jumapili, 3 Novemba
Nimecheka kanisani. Mzee wa kwaya kakalia miwani yake mwenyewe, benchi zima tukacheka. Kufika nyumbani, kaka Boakye ananiuliza kama jana nililala. Wenzangu waliocheka hakuna aliyewauliza! Nikamjibu kwa adabu, maana yeye ndiye mkaguzi wa kadi.

Kadi kanipa Sista Dufie, muuguzi wa kliniki ya akili: kila siku niandike hali ya moyo, moja mpaka kumi. Naandika tano. Kila siku tano. Nikiandika saba, Boakye anapiga simu kliniki. Nikiandika tatu, anaficha mikasi. Mimi fundi cherehani — nikate vitambaa kwa meno?

Mwaka wa tatu huu sijalazwa. Dawa nameza. Mama ndiye alikuwa akiwaambia, mwacheni, leo amenuna tu. Sasa mama yuko mochwari, tunamzika tarehe kumi na sita.

Jumatano, 6 Novemba
Mama mdogo Serwaa kaleta gauni lake la msiba mara ya tatu. Juzi lilimbana. Jana lilipwaya. Leo nilibane tena. Nikamwambia atafute fundi mwingine, nina magauni kumi na tisa ya ukoo huu huu. Kanitazama machoni kama daktari. "Afrakoma, dawa umekunywa?"

Nimekunywa! Na bado unanichosha!

Gauni nimelibana. Kadi: tano.

Jumapili, 10 Novemba
Kikao cha familia, bila mimi. Boakye kaja kunieleza baadaye, sauti ya kubembeleza. Jumamosi alfajiri mama atalazwa sebuleni, watu wapite kumuaga. Kwetu binti anakaa kichwani pa mama yake na kuanza kilio, anamwita kwa majina yake yote ya sifa, mtaa mzima usikie. Binti ni mmoja, mimi. Wameamua aanze mama mdogo.

Eti nikianza sitanyamaza. Nikae, ila kimya. "Ukipandisha sauti tu, dada yangu, tunakupeleka kliniki."

Mwaka jana binti wa jirani aligaragara kwenye tope, kiatu kikapotea, wakamsifu kwamba alimpenda mama yake. Yule hana kadi.

Jumanne, 12 Novemba
Sista Dufie kasema kufiwa si ugonjwa. Nalala, nakula, nashona. Kasema hata hasira ni yangu, niwe nayo. Kampigia Boakye mbele yangu. Boakye kashukuru sana. Hakuna kilichobadilika.

Ijumaa, 15 Novemba
Nafanya mazoezi ya kulia bila sauti. Mbele ya kioo, kanga mdomoni. Majina ya mama ni kumi na moja, nayajua yote. Nimeyasema kimoyomoyo.

Jumamosi, 16 Novemba
Nipo chooni, nimejifungia.

Nilikaa kichwani pa mama tangu saa kumi na moja alfajiri. Mama mdogo akaanza kilio. Karuka majina mawili. Nikauma meno. Sikutoa sauti, na chozi nalo likagoma. Wageni wakaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja kasema binti gani huyu, mama yake kalala pale, jicho kavu.

Boakye akaniinamia sikioni. "Afra, lia kidogo basi, watu wanatazama."

Nikacheka. Kidogo tu, kwa hasira. Wote wakageuka.

Sasa wako nje ya mlango. Mama mdogo anasema, si niliwaambia ugonjwa umerudi? Gari limeshawashwa. Mama anatolewa saa tatu, na wanataka kunipeleka kliniki kabla sijamzika! Siumwi. Nimefiwa na mama, na kaka yangu ni mjinga.

Boakye anagonga. Anasema nifungue taratibu, hakuna atakayenigusa.

Nimeanza kulia. Kwa sauti. Nimeanza na yale majina mawili, siwezi kuacha, mwandiko wenyewe hausomeki.

"Msikieni," anasema mama mdogo. "Msikieni huyo."