Wanawake Walifyatua, Wanaume Wakachoma

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Habari za huko? Goti lako limepona? Sisi hatujambo. Bibi anakohoa kidogo asubuhi, lakini ulimi wake uko palepale.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nikifungua kitabu cha historia, huwa nawatafuta wanawake kwanza. Mara nyingi nawakuta wamebeba watoto, basi.

Mwalimu wa historia alinichagua nisome historia ya shule siku ya maadhimisho. Mimi huyu, ninayetoka jasho nikiitwa jina darasani. Nikaandika kwamba Babu na wanaume wenzake ndio waliotengeneza matofali ya shule yetu, kule kando ya mto. Baba alifurahi, akaalika mpaka kinyozi wake.

Juzi nilikuwa najizoeza jikoni. Bibi akaacha kuchambua mchele.

"Wanaume gani hao? Udongo tulikanda sisi, matofali tulifyatua sisi. Wao walichoma."

"Na Babu je?"

"Babu yako alikuwa fundi wa moto, hana mpinzani. Aachiwe moto wake. Ila udongo hakuugusa, eti unamharibia kucha."

Nilimuuliza mbona hakuwahi kusema. Akajibu kwamba wageni waliokuja kuuliza walimuuliza Babu, yeye wakamwomba chai.

Akanieleza kwamba kila mwanamke alibonyeza alama yake kwenye tofali bichi, ili msimamizi ajue ni la nani. Yake ilikuwa vidole viwili. Nilikwenda nyuma ya maktaba, kwenye ukuta usiopigwa lipu. Alama zimejaa tele, na vidole viwili nimeviona.

Baba hakupenda. "Unataka kumvua babu yako sifa mbele za watu?" Nilichukua karatasi yangu nikatoka, unajua mimi na mabishano. Lakini nilikuwa na hakika, Shangazi. Babu ni baba yako pia, ndiyo maana nataka uyasikie haya kwangu kabla hujapigiwa simu.

Wasalimie binamu zangu, hasa yule mdogo anayesoma mpaka mezani. Mungu awatunze na awarudishe salama mje mtuone.

Jana nilipanda jukwaani. Nikasoma kwamba wanawake walifyatua na wanaume wakachoma, na kwamba Babu aliujua moto kuliko wote. Nikawataja wafyatuaji kwa majina yao ya utani aliyonipa Bibi, Kicheko, Mama Mrefu, Chapuchapu, kisha Bibi. Nikamkabidhi mwalimu karatasi, nikashuka, nikaenda kukaa kati ya Bibi na Baba.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana.