Punda Aliyepewa Jina Huko Dutwa

Baba Limi,

Mwangaluka! Habari za asubuhi huko Mwandoya? Huku Dutwa tu wazima, na Limi ameota jino. Pamba imepasuka kila upande, ukitazama mbali utadhani mawingu yameshuka kupumzika.

Jana dada Minza alinichukua. Yeye na wenzake wa kijiji cha ujamaa wanapita nyumba kwa nyumba kuwasemea wanyama. Tulimkuta mzee mmoja anampakia punda madebe ya maji, na punda ana kidonda mgongoni, nzi wamejaa. Dada hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Babu, ng'ombe wako wanaitwaje?" Mzee akawataja wote kwa maringo. "Na huyu?" dada akauliza, akimwonyesha punda.

"Huyu ni punda tu."

Mkewe akacheka. "Mjukuu wa juzi ana majina mawili. Huyu anayetuletea maji miaka yote hana hata moja."

Limi, mgongoni kwangu, akanyoosha mkono akamshika punda sikio, naye punda akafumba macho, akatulia kama anaota. Mzee akawatazama wawili hao muda mrefu.

"Basi aitwe Mbula," akasema, "maana ndiye mvua yetu."

Kisha akayateremsha madebe mwenyewe. Tulipoondoka alikuwa anakwenda kisimani na ndoo mkononi, na Mbula anamfuata bila mzigo.

Mume wangu, punda wetu usimpakie gunia mpaka nirudi nimtazame mgongo. Nakuwaza kila jua likizama. Kula ushibe.

Mama Limi